Nyuso Tano

Oulu, Desemba. Saa nane na robo mchana
na jua limekwisha kutua.
Sampsa akaegemea mlango: "Tia hojaji.
Watumiaji watuambie kama wanatupenda."
Akaenda zake kutafuta kahawa.

Programu yetu ni ndogo. Hupanga zamu za sauna
katika majengo ya ghorofa, na mashine za kufulia.
Msimbo mmoja, simu za aina mbili:
pacha waliolala tumbo moja
na hawasikilizani hata kwa salamu.

Nikaongeza mstari kwenye orodha ya vifurushi,
nikabandika ufunguo, nikangoja.
Kwenye simu za huku hojaji ilifunguka kama bahasha.
Kwenye simu za kule kibodi ilipanda
ikafunika sanduku la maoni,
mtu akawa anaandika asichokiona,
kama anayenong'ona ndani ya mto wa kulalia.
Siku mbili nzima nikapigana na pikseli arobaini.

Halafu, lini tuulize?
Nikachagua dakika kumi baada ya zamu kwisha,
nywele zingali mbichi, ngozi ingali inafuka,
mtu amelegea hana la kuficha.
"Ni sawa na kumvizia mtu akitoka kuoga," akasema Venla,
naye hakuwa akitania.
Nikaacha hivyo hivyo.

Swali: *Umeridhika na zamu yako?*
Chini yake nyuso tano,
wa kwanza umenuna, wa tano umekenua,
na sanduku la maneno kwa mwenye la ziada.

Alhamisi usiku majibu yakaanza kudondoka.
Wengi uso wa nne.
*Mvuke haba. Ghorofa ya tatu huchelewa kutoka.
Nani kaacha soksi juu ya benchi?
Acheni kutuulizauliza.*
Nilicheka peke yangu, miguu juu ya kipasha joto.

Kisha moja likaja bila uso wowote:

*Mimi ni Hilkka, ngazi B, mlango wa kumi na saba.
Zamu yetu ni Alhamisi saa moja usiku
tangu jengo hili likinuka rangi mpya.
Jouko humwaga maji juu ya mawe, mimi hulalamika.
Alifariki Septemba. Simu bado inaniambia
"Jouko na Hilkka, karibuni."
Nimetafuta mahali pa kumtoa, sikupaona.
Na leo mnauliza kama nimeridhika.
Nimekaa benchi la juu, maji nimemwaga mwenyewe,
nimeyamwaga mengi kupita kiasi, maana hapakuwa na wa kuni*

Hapo herufi zilikwisha.
Kikomo nilikiweka mimi, Jumanne,
nikitafuna mkate wa shayiri,
bila kufikiri.

Asubuhi ripoti ilitoka na rangi zake za kijani.
Wastani: tatu nukta tisa. Sampsa akapiga makofi.
Jibu lisilo na uso mfumo uliliita "halijakamilika"
ukalisukuma kando, nje ya hesabu.
Kuuliza si ujinga, wahenga walisema.
Juu ya anayeuliza akiwa ameshika saa mkononi
sijui walisema nini.

Nikafuta kikomo. Nikasogeza swali hadi kesho yake,
mchana, watu wakiwa wamevaa nguo.
Nikaandika msimbo wa kumtoa mtu kwenye zamu,
mistari kumi na moja, na kitufe kidogo cha kijivu.
Sikukiweka hewani kwanza.
Nikamwandikia Hilkka, bila nyuso, sanduku tupu lisilo na mwisho:
*Sasa tunaweza kuliondoa jina la Jouko. Tuliondoe?*

Ijumaa ikapita. Wiki ikapita.
Theluji ikafunika baiskeli yangu hadi usukani.
Alhamisi, saa mbili na dakika kumi usiku,
likaingia neno moja:

*Bado.*

Kwenye ubao wa kazi Sampsa ameuliza mara mbili
kwa nini kadi ile haifungwi.
Nimemwambia ipo kwenye majaribio.