Inzi wa Pichani

Laki moja na ishirini, faida ya viazi vya msimu mzima,
nimeifunga kwenye pindo la kitenge,
nazunguka Mwanjelwa tangu saa tatu natafuta projekta.

Kijana wa duka la kwanza ananisomea boksi:
lumeni elfu tisa, mama, sinema kamili!
Namwambia zima taa. Funga mlango. Washa.
Ukutani pakatokea kitu kama maji ya kuoshea mchele.
Boksi halina haya.

Ya pili inang'aa, ila feni yake inakoroma
kama shemeji Anyelwisye akishiba.
Ya tatu, laki tatu. Nikaishika, nikairudisha taratibu,
kama mtoto wa watu.

Ya nne mtumba, imepasuka ubavu,
lakini maandishi yanasomeka hata mlango ukiwa wazi.
Ubovu wake huu hapa, akasema muuzaji mwenyewe:
kinukta cheusi, kona ya juu, hakifutiki.
Kwa ukweli huo nikamlipa. Akaniongeza na waya.

Uyole, Juni, baridi ya kung'ata masikio.
Shuka jeupe nimeligongomea misumari minne,
sauti tumeiunga kwenye redio ya marehemu baba.
Watano ndani ya blanketi moja,
pumzi zetu zinapanda kwenye mwanga
mpaka jangwa la kwenye filamu linafuka ukungu.

Lusajo kakiona kinukta: Inzi!
Tangu hapo kila picha ina inzi wetu.
Katua begani kwa mfalme,
katua kwenye keki ya harusi.

Jana umeme ulikatika katikati ya mapigano.
Gizani, Subilaga akauliza:
sasa inzi kalala wapi?