Kumi na Saba

Tiketi ilikuwa ya bei ya kutupa, na Sixten
akiona kilichotupwa huokota.
Hakutazama kalenda. Mimi niliitazama,
nikanyamaza.
Juma la tisa, shule zote za Stokholmu zimefungwa,
na meli ya kwenda Turku na kurudi
imejaa watoto hadi kooni.

Lifti ndiyo iliyotupokea.
Mtu fulani, kimo cha nyonga yangu,
alikwisha bonyeza vitufe vyote,
tukapelekwa ghorofa kwa ghorofa kama wakaguzi:
hapa soksi moja iliyolowa,
hapa baba amelala wima,
hapa sili wa manyoya bandia, mpana kuliko mlango,
anawapungia watu wasiokuwapo.
"Miaka thelathini na minane kazini," akasema Sixten,
"likizo ya shule sikuijua.
Nimestaafu, ndiyo naanza."

Ukumbi wa dansi ulikuwa mali yao hadi saa tatu usiku.
Tukakaa ukutani, viatu vya tango mfukoni,
kama watu waliofika benki siku ya sikukuu.
Nje, visiwa vilipita vimejifunika theluji,
kila kimoja na nyumba yake moja,
kila nyumba na taa yake moja,
nami nikawa nahesabu ili nisisikie muziki.

Ndipo akaja. Taji la karatasi, pengo mbele,
unywele umeingia kinywani na hakuutoa.
Tuva, akajitaja, kama anayetia sahihi.
"Watoto wenu wako wapi?"

Swali hilo nimeulizwa na madaktari,
na mama mkwe, Mungu amrehemu,
na karani wa sensa aliyekuwa na mafua;
kila mmoja alilipuliza kwanza, kama chai ya moto.
Huyu alilitua mezani tu, kama funguo.

"Hatuna," nikasema.
Sixten akashika kijiko kisicho na kazi.

(Kuna chumba nyumbani kwetu, Västerås.
Tunakiita chumba cha kupigia pasi.
Pasi iko jikoni.)

Tuva akafikiri.
"Basi mna nafasi," akasema.
"Njooni mnihesabie."

Mtelezo ulikuwa wa manjano, umejikunja kama sikio.
Alipanda, akapotea, akatokea chini miguu mbele,
akatutazama kwanza sisi ndipo akacheka.
Moja. Akapanda. Mbili.
Sixten alikuwa mkaguzi wa mizani wa manispaa;
wauza samaki wa mji mzima walimwogopa.
Alisimama wima, mikono nyuma,
akitaja kila namba kwa sauti ya ofisini,
na sikumbuki lini nilimwona
akiangalia kitu kwa makini namna ile
bila kukitafutia kosa.

"Kumi na tisa!" akapiga kelele Tuva.
"Kumi na saba," akasema Sixten.
"Mara mbili ulishukia ngazi. Hizo hazimo."
Midomo ikaanza kutetemeka, taji likashuka hadi kwenye nyusi.
Mama yake akafika, amebeba koti na mdogo mtu.
"Samahani, amewasumbua?"
Tukachelewa kujibu. Wakaenda.

Saa tatu kinanda kikaanza tango.
Tulicheza moja. Alinikanyaga, yeye asiyekanyaga.

Usiku barafu ikakwaruza ubavu wa meli
kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta taa.
Vitanda vyetu vilikuwa viwili, vyembamba, na njia katikati.
Nikasema gizani: "Ungempa tu zile mbili."
Nilidhani amelala.
Tukafika Mariehamn, minyororo ikalia,
watu wakashuka, watu wakapanda,
tukaondoka tena.

"Najua," akasema. "Asubuhi nitamtafuta."

Watoto mia nane melini humu,
na nusu yao wamevaa mataji.
Akakaa kitandani, miguu juu ya zulia.
"Gunvor. Lake lilikuwa rangi gani?"

Mimi naikumbuka.