Kuendesha Tupu

Jana nilikimbia kilomita ishirini na nane.
Leo nashuka ngazi za kwetu kinyumenyume,
nimeshika chuma cha pembeni kama mlevi mwenye haya.
Mimi ni fundi wa lifti, hapa Turku,
na jengo letu halina lifti. Cheka, umalize.

Raili ananingoja darajani,
glavu za sufu, pua nyekundu.
Saa yake ameiacha nyumbani juu ya friji, makusudi.
"Leo tunakimbia kama watu waliosahau waendako.
Ukishindwa kumaliza sentensi, umezidisha."

Tunaanza, kama huku ni kuanza.
Theluji ya Machi imekuwa uji wa kijivu,
viatu vinasema chapa, chapa, bila bidii,
na paja langu la kulia linanung'unika
kama mpangaji aliyepandishiwa kodi usiku.

Anatupita mama anayesukuma kigari cha mtoto.
Anatupita mzee mwenye fimbo mbili.
Anatembea, naapa, mzee yule anatembea!
Anatusalimu kwa kidevu, kwa huruma.
Kitu kifuani mwangu kinasimama,
kinakaza kamba za viatu,
kinataka kumfukuza.

Raili ananishika kiwiko.
"Ukishafunga kebo mpya,
unapakia watu siku hiyo hiyo?"

Najibu nini? Siku hiyo tunaiendesha tupu.
Juu, chini, juu, chini, taratibu,
sikio ukutani,
tukisikiliza kebo ikizoea uzito wake yenyewe.

"Basi."

Yeye hushona mavazi ya waigizaji,
na mwili anauelezea kishonaji:
nyuzi zilizofumuka jana kwenye misuli
zinashonwa leo, kesho, hata ukiwa umelala;
damu ndiyo inayopeleka uzi.
Huku kujikokota hakushoni, anasema,
kunamfungulia tu fundi mlango
na kumwashia taa.
Ukikimbia kwa hasira unamgonga kiwiko
sindano ikiwa mkononi.

Nilimgonga sana mwaka jana.
Kila siku kwangu ilikuwa mtihani,
kila mtu barabarani mpinzani,
hata mbwa.
Mwezi wa tano muundi ukanigomea,
na siku ya mashindano nilisimama kando ya njia
nimeshika makoti ya wenzangu,
makoti sita, na ndizi moja isiyo yangu.

Tumepita kanisa kuu. Pumzi ipo, nyingi,
sijui niifanyie nini.
Ndipo Raili anapoanza kusimulia
habari za kaka yake, Tauno.
Miaka mitano tunakimbia pamoja
sikujua ana kaka.
Alhamisi, siku za kasi, tunahesabu tu:
mia nne, pumzika, mia nne tena.
Maneno yetu yote ni tarakimu.

Tauno yuko Rauma, kwenye nyumba ya kutunziwa.
Mengi yamemtoka: mke, mwaka, jina la chakula.
Ila kila Jumatatu anapiga simu
kuuliza kama barafu ya mto imevunjika.
Na Raili hataki kumdanganya,
kwa hiyo Jumatatu hukimbia kandokando ya mto,
polepole kiasi cha kuona.

Mimi nilidhani ni kwa ajili ya miguu.

Simu inalia kabla ya daraja la pili.
Hasimami. Anavua glavu kwa meno,
anatazama maji, anatazama tena,
chapa, chapa, chapa,
na mimi naukata mwendo wangu uliokwisha kukatika,
nisimpite.

"Bado, Tauno," anamwambia.
"Lakini pembeni, karibu na mawe,
pameanza kulegea."

Hakuhema.
Sauti yake haikuwa na habari
kwamba miguu inakimbia.