Kicheko cha Kukodi

Alhamisi, saa moja na nusu usiku,
baba huketi kama mshtakiwa.
Kochi ni lile lile la Kivumbini,
ila hapa Kiamunyi limekuwa dogo,
limebaki katikati ya sebule
kama jino la mwisho.

Aliyewashtaki ni mimi.
Mimi ndiye niandikaye kile kichekesho:
familia ya mjini imejenga pembezoni,
haijui la kufanya na ukimya.
Majina nimebadilisha. Baba ni Bwana Mkombe.
Shati nimemwachia lake.

Tulihama kilomita kumi na moja tu.
Vumbi tuliliacha Kivumbini,
tukalikuta limetangulia, limekaa dirishani,
laini kama unga wa wimbi.
Sauti ndizo hazikuja.
Usiku wa kwanza baba aliamka mara nne
kuuliza mbona hakuna anayegombana.
Wiki ya pili akaihamishia redio chumbani,
akaitegesha katikati ya stesheni mbili,
ule mkwaruzo ukambembeleza hadi alfajiri.

Hilo nalo nililiandika. Watu walicheka.

Niliandika lango,
jinsi mama alivyolifungua, akalifunga, akalifungua,
siku nzima, kwa kuwa maishani mwake
hakuwahi kumiliki kitu kizito kinachomtii.
Niliandika pimbi walioshuka kutoka Menengai
wakamaliza sukumawiki, wakatuachia vijiti,
na baba akaiandikia kaunti barua
akiomba wahamishwe kwa heshima.
Kisha nikaandika chumvi.

Chumvi ndiyo iliyoniponza.
Kule Kivumbini mama aligonga ukuta kwa kijiko:
mara moja, chumvi; mara mbili, kiberiti;
mara tatu, njoo, mambo yameharibika.
Na ukuta ulijibu.
Hapa ukuta uko hatua arobaini kutoka jikoni,
umepandwa vigae vya chupa kichwani,
na nyuma yake yupo mtu tusiyemjua
ila kwa mbwa wake watatu
na saa anayozima taa.
Miezi saba sasa.

Basi leo, kwenye skrini, mke wa Bwana Mkombe
anatoka na kijiko, anavuka nyasi kwa kandambili,
anagonga jiwe. Mara moja.
Anasubiri.
Anatega sikio.
Kicheko cha kukodi kikamwagika,
kicheko cha umati niliounganisha hapo
kwa kubonyeza kitufe.

Mama hakucheka.
"Hao wanaocheka wako wapi?"
Nikamwambia hawapo, ni sauti za kuhifadhiwa,
huenda walirekodiwa zamani, sijui nchi gani.
"Kwa hivyo wanacheka na hawajaona?"
Nikaitazama chai yangu.

Hapo baba akainua mkono, nyamazeni.
Akachukua rimoti, akapunguza sauti, akazidi kupunguza,
mpaka Mkombe na mkewe wakabaki midomo mitupu.
Na ng'ambo ya vigae vya chupa
mtu alikuwa akicheka.
Kicheko kikavu, cha kikohozi, kinachokwama
kisha kinawaka tena
kama pikipiki asubuhi ya baridi.
Mbwa wote watatu wakambwekea. Hakukoma.

Kumbe naye huketi Alhamisi.
Kumbe ametuona tukigonga,
ametuona na kandambili zetu,
na hajui kwamba ukuta ule ni wake.

Tangazo la sabuni likaingia. Kikatulia.
Baba alikuwa bado ameielekeza rimoti dirishani,
kana kwamba angeweza kumwongeza sauti jirani.
Mama akajikung'uta vumbi magotini, lilikuwepo kweli,
akaniambia bila kunitazama:
"Wiki ijayo yule mama usimwache ukutani.
Mfikishe langoni kwa yule mtu, abishe hodi.
Nataka kuona ataanzaje."