Mizani ya Nywele

Mama aliuza nywele zake mara mbili:
kwanza kwa karo ya kaka yangu Yongsik,
halafu kwa nauli yangu ya kuja Seoul.
Mnunuzi alipita kijijini na baiskeli na mkasi,
akazitia kwenye mizani ya kupimia pilipili,
akakata gramu tano, eti uchafu.
Mama akasema: Huo si uchafu, ni mafuta,
nayo niliyanunua. Yalipie.
Akayalipia.

Mimi nikaketi benchi la nne, kiwandani Guro,
nikishona wigi unywele kwa unywele,
kwa sindano yenye ndoano ndogo kuliko jino la panya.
Sijui ni mwanamke gani ng'ambo ya bahari
anayetembea leo na ujana wa mama kichwani.

Kipaza sauti kilituamsha kabla ya jogoo:
Leo jasho, kesho wali; nchi kwanza, nafsi kando.
Na sitasema uongo: wali ulikuja.
Mwaka wa kwanza shayiri,
wa pili shayiri yenye punje za mchele za kuhesabika,
wa tatu mchele mtupu, mweupe.
Nilinunua viatu. Nilipeleka balbu nyumbani,
mama akaiwasha mchana
ili majirani waione.
Asiyewahi kukaa gizani asinifundishe
kudharau balbu.

Mwezi wa tano, Jumamosi,
Yongsik alikamatwa akitoka maktaba.
Nywele zake zilikuwa zimegusa kola.
Polisi akatoa rula, rula ya mbao ya watoto wa shule,
kama ile ya Bwana Pyo ya kupimia wigi zetu.
Sentimita mbili zimezidi, akasema,
akapitisha mashine katikati ya kichwa, mstari mmoja tu,
kama barabara kuu mpya iendayo kusini:
imenyooka, haimwulizi mwenye shamba.

Alibisha mlango wangu kabla ya king'ora cha saa sita usiku;
baada ya king'ora mji mzima ulikuwa kifungoni,
hata paka walipita kwa kunyata.
Nikamnyoa pande zilizobaki juu ya gazeti.
Na mimi, Mungu anisamehe, kazi ni mazoea,
nikazipima kwa jicho: fupi mno, hazifai hata nyusi.
"Zingekuwa ndefu ungeziuza," akasema,
wala hakucheka.

Tukabishana kwa kunong'ona, maana ukuta ulikuwa mwembamba.
Nikamwambia mkono mtupu haulambwi.
Akaniambia ng'ombe pia hushiba.
Nikamwambia karo yako ililipwa kwa kichwa cha mama.
Akanyamaza.
Nilishinda. Ushindi ule bado unanikaa kooni kama mfupa wa samaki.

Wiki iliyofuata Malsun wa benchi la pili
aliomba ruhusa ya kwenda chooni, akanyimwa.
Akaomba tena, akanyimwa.
Mara ya tatu hakuomba, aliinuka tu,
na Bwana Pyo akiwa bado anatafuta jina lake kwenye daftari
nikaona magoti yangu yamesimama kabla yangu.
Tulikatwa mshahara wa siku sita.
Malsun alifukuzwa. Sikumwona tena,
na choo kikafunguliwa saa zote.

Sasa naishi ghorofa ya kumi na moja,
kuna lifti, kuna madirisha yasiyopitisha baridi.
Yongsik ana upara, wala hakuna serikali iliyohusika.
Wajukuu huniuliza kipi kilitangulia, wali au sauti,
kana kwamba vilishuka kwenye treni vikapanga foleni.
Huwa nawaambia nyamazeni, kuleni.
Kisha najishika ulimi.
Namwona mama, kichwa kimebaki vipara na mabaka,
mkono wake juu ya mizani ya mtu,
akidai gramu tano za mafuta
kabla hatujapata balbu.