Sufuria la Bi Somoe

Tulioana bomani, Masasi.
Karani aliuliza dini mara mbili,
akaandika zote, akilalamikia nafasi finyu.

Mama mkwe alipokuja toka Newala
alibeba sufuria lake, kalifunga kanga:
“Chungu cha Ansgari
nani ajuaye kimeonja nini?”
Nikampisha mafigani.

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani
zimeingia kwa mlango mmoja.
Njaa yangu na njaa yake
zilikaa kibarazani kimya,
zikilikodolea jua
linalojivuta juu ya mikorosho.

Adhana.
Akafunua chungu changu,
mvuke wa mihogo ukampiga usoni,
akanimegea mimi kwanza.

Sufuria kalisahau.
Nilimpigia simu: tulilete?
“Lipikieni tu,” akasema.

Hakusema nini.