Jedwali Nyuma ya Bili ya Umeme

Tuliandika jedwali nyuma ya bili ya umeme,
mimi na Baldomero, usiku mmoja Antofagasta:
mstari katikati, huku kwetu, kule Valdivia.
Kodi: kule nafuu.
Jua: huku mwaka mzima, kule kwa mkopo.
Mvua: huku akaandika sifuri, akaipigia mstari
kama mtu atiaye saini.
Kule hakuandika tarakimu. Alichora mawimbi
hadi ukingo wa karatasi, akacheka.

Kwetu nyumba hazina mifereji.
Juu ya bati tunaweka godoro bovu,
baiskeli ya mtoto aliyekwisha kuoa,
na kila kitu ambacho moyo umekataa kukitupa,
kwa kuwa mbingu ile haidondoshi neno.
Nilipokuwa darasa la tatu yalishuka manyunyu ya dakika kumi:
shule ikafungwa, jirani akakinga sufuria sebuleni,
nasi tukatoa ndimi nje
tuonje.
Yalikuwa na ladha ya vumbi la mgodi.

Sasa niko kusini, siku mbili za basi,
na nguo nilizoanika Jumatatu
hata Ijumaa zinalia kambani.
Nilingoja mvua ikatike ndipo niende sokoni.
Nikangoja siku tatu.
Mkate ukaisha, kisha unga, kisha aibu.
Nikatoka na mwavuli mpya wa maua;
darajani upepo ukaugeuza bakuli,
na mwanafunzi mmoja, maji yakimchuruzika puani,
akanitazama kwa huruma:
"Mama, wewe si wa hapa."

Katika jedwali hatukuandika kuni.
Otilia Nahuelpán, jirani wa ukuta mmoja, alikuja mwezi Juni
akakuta jiko langu linafuka
na mimi nalia machozi yasiyo na msiba.
Akagonganisha magogo mawili, akatega sikio
kama daktari agongaye kifua.
"Umeuziwa mto," akasema.
"Kuni hununuliwa Januari, wakati huna habari nazo.
Angojaye baridi hununua moshi."
Akaniletea toroli zima la kuni zake. Peso hakutaka.
Alitaka nimsimulie jangwa.
Nikamsimulia nyota, zilivyosongamana hadi usingizi unakimbia,
na mlima usio na hata unyasi mmoja.
"Sasa mnakunywa nini?"
"Bahari," nikamwambia. "Tunaichuja chumvi."
Alicheka hadi akatafuta kiti.

Kaburi la mama lina maua ya karatasi niliyoyapaka nta.
Mwaka wa tisa huu, yanafifia tu, polepole, kwa adabu.
Nilikuja na mawili, nikayapachika dirishani.
Mwezi haukuisha, yakawa uji wa waridi.
Huku kila kitu kinaota:
kuvu kwenye viatu vya harusi,
kijani kwenye mpira wa mlango wa gari.
Sikulia. Nilichukua kitambaa nikapangusa.

Yasna hupiga simu kila Jumapili. "Dada, ni pazuri?"
Kodi nafuu, namjibu.
Simwambii kwamba mikono yangu imeacha kupasuka,
kwamba sokoni, ukingoni mwa mto,
simba-bahari wanalala kama walevi wa mwisho wa mwezi
na wauza samaki wanawaruka bila kuwatazama.
Kikohozi cha Baldomero kimepungua.
Magoti yake yameanza.
Hilo nalo liandikwe upande gani?

Jana alinyanyua uso kutoka gazetini:
"Bado inanyesha?"
Nilikuwa nakata kitunguu. Nikasimamisha kisu, nikasikiliza.
Sikujua.
Ilibidi nifungue dirisha.